Sataranji ya Umoja na Doha

Mimi ni mtu wa dama. Nimezaliwa Mombasa, nikalelewa penye mabaraza ambako wazee wakicheza baada ya Alasiri. Nilipohamia Nairobi, mtaa wa Umoja, nikaukuta mchezo ule ule kwa jina la drafti: vizibo vya soda, ubao wa kuchora kwa mkono, na maneno mengi kuliko kete. Sataranji nikiisikia tu.

Mwanangu ndiye aliyenitia. Yuko Doha, analinda majengo usiku, na mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki salamu na ada za shule za nduguze. Miaka miwili iliyopita akaniambia, “Baba, ingia Lichess.” Ni uwanja wa sataranji wa kwenye intaneti, ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa, Thibault Duplessis, hauna ada wala matangazo. Humo mna mchezo unaokwenda kama barua: mtu hupewa siku kadhaa kwa kila hatua. Kwa mtu wa zamu, hiyo ni faraja.

Mgeni huanzishwa na alama 1500. Juma la kwanza niliporomoka hadi 1090. Sababu, ndugu msomaji, ni ile dama. Katika dama kula ni sharti; ukitegewa kete huna budi uimeze. Katika sataranji si lazima, lakini mkono wangu haukulijua hilo. Malkia wangu alitoka mapema kama mwizi wa kuku, akala askari wa pembeni, kisha farasi na tembo wakamfungia njia ya kurudi. (Tembo huyo Waingereza humwita askofu, Waarabu walimwita fili, nami nimebaki na tembo wangu.) Zamani za makhalifa wa Baghdad kete ya malkia ilikuwa waziri, ikienda hatua moja tu kwa mshazari. Kwa sheria zile ningefedheheka polepole zaidi.

Nyumbani nako palizuka neno. Mke wangu alinikumbusha kuwa wanazuoni wa Kishafii wameuhesabu mchezo huu makuruhu, na ukitiwa kamari au ukampitisha mtu na Sala, basi ni haramu. Alikuwa na haki: usiku mmoja nilikaribia kupitwa na Isha. Tangu hapo simu huilaza kabla ya Maghribi.

Mchezo ukiisha, programu iitwayo Stockfish huonyesha ulipokosea. Nilifungua michezo 20 niliyoshindwa. Katika 14 nilikuwa nimekula kitu nisichokihitaji. Nikajipa sharti: kabla ya kula, nihesabu majibu matatu ya mwenzangu. Alama zikapanda kwa kukokota mguu, 1200, kisha 1370. Wazee wa drafti wakanung’unika kuwa siku hizi nimekuwa mzito, nawachelewesha.

Mwezi uliopita mwanangu aliniachia farasi wake wazi, mtego wake wa siku zote. Nilitembea na farasi yule siku mbili, ndani ya matatu na kwenye foleni ya maji. Mwisho nikamwacha pale pale, nikamficha mfalme wangu nyuma ya ngome.

Saa ya Doha na yetu ni moja. Alfajiri, ndiyo kwanza atoka zamu, akanipigia.

“Baba, huna njaa leo?”

Tulizungumza mpaka salio lake likakata. Ada hatukuitaja.