Pakiti ya unga yageuka picha: funzo la Rosemary Karuga

Wakazi wa Huruma wanaopenda sanaa lakini hawana pesa za kununua rangi wana mfano wa kuiga: marehemu Rosemary Karuga (1928–2021).

Karuga alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, mapema miaka ya 1950. Baadaye alifundisha shule kwa miaka mingi. Alipostaafu katika miaka ya 1980, alirudia sanaa kwa dhati. Kwa kukosa pesa za vifaa, alitumia karatasi za nyumbani: pakiti za unga, karatasi za sabuni ya Rexona na kurasa za majarida.

Alizikata vipande vidogo, akavibandika kwa gundi hadi vikawa wanyama na watu wa kijijini. Kwa njia hiyo alitengeneza pia picha za hadithi ya Amos Tutuola wa Nigeria, The Palm-Wine Drinkard. Mwaka wa 1990, kazi yake ilionyeshwa New York.

Anayetaka kujaribu anahitaji makasi, gundi na kipande cha kadibodi. Umri si kizuizi. Karuga alikuwa amepita miaka 50.