Habari ya Wanaongoja Kitanzi



Kila mwezi wa Novemba huandika katika daftari majina ya marehemu ambao jamaa zao wataka waombewe katika Misa. Mwaka mmoja alinijia mama wa kigango chetu, akaniambia, "Mwalimu, andika na jina la mwanangu." Nikashika kalamu, kisha nikasita, kwa maana mwanawe hakufa. Alikuwamo katika gereza la Butimba, kule Mwanza, amehukumiwa kunyongwa kwa kosa la kuua. Nilipomkumbusha hayo akajibu, "Jaji alisema afe. Tangu siku ile sijui kama ninaye au sinaye."

Basi yafaa tujue jambo hili lilivyo, maana wengi hulinena pasipo kulijua. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza tangu mwaka 1945 ilimpa jaji neno moja tu la kumwambia aliyeua kwa kukusudia, nalo ni kifo. Mwenye mimba hanyongwi, wala aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini hukumu haitimizwi mpaka Rais atie sahihi. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 sahihi hiyo haikutiwa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikiri hadharani kwamba kazi ile ni ngumu, akaomba asiletewe majina. Mwezi wa Desemba mwaka ule akawasamehe 61 miongoni mwa waliohukumiwa kufa. Mamia wengine walibaki, kila mmoja akisikiliza mlango wa chumba chake asubuhi.

Wala sisi wa Mara tusidhani kitanzi ni habari ya watu wa mbali. Mwalimu Nyerere wa Butiama, Mkristo asiyeacha Misa, alitawala chini ya sheria hiyohiyo. Siku ya Noeli ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akamwua. Mwamwindi alihukumiwa, akanyongwa, na nchi ilikuwa mikononi mwa mtu wa kwetu.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, akiwa Dodoma, alisema adhabu hii yapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili na yamdhalilisha mtu, walakini ikasema Katiba yairuhusu. (Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, wala sijaweza kuyapatanisha.) Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo, asipime hali ya mtu, ni kuvunja haki ya uhai. Na Kanisa letu je? Katekisimu niliyofundishwa mimi iliruhusu adhabu hii pale isipopatikana njia nyingine ya kuwalinda watu. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko akaibadili, akasema haikubaliki kabisa. Ikanilazimu kuwafundisha upya watu niliokwisha kuwafundisha.

Ningependa habari iishe hapo. Lakini katika kigango kilekile yumo mjane wa mtu aliyeuawa, naye ana watoto aliowalea peke yake. Aliposikia kwamba twamwombea mfungwa, alikuja kwangu jioni, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Akaniambia, "Mwalimu, wa kwangu hakungojewa sahihi." Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina.

Jina la kijana sikuliandika katika daftari la marehemu. Mama yake alilia, akidhani namnyima. Nikamweleza kwamba mtu aliye hai huombewa pamoja na walio hai, nikaliandika katika sala za wafungwa zinazosomwa Jumapili. Siku liitwapo, yule mjane huinuka, akatoka nje, akakaa chini ya mwembe mpaka limalizike. Kisha hurudi mahali pake. Hatumzuii, wala hatumwulizi.