Saratani ya ngozi ya mkono: Usitoke hospitalini bila maandishi

Mgonjwa akikatwa kipande cha kidonda cha mkono kisichopona na kipande hicho kupelekwa maabara, aghalabu husubiri neno moja tu: ni saratani au si saratani. Ndugu msomaji, jibu hilo halitoshi. Daktari atakayekutibu baadaye atategemea yaliyoandikwa.

Hospitalini kila ugonjwa hupewa nambari kutoka orodha ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, C43.6 ni melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi. C44.6 ni saratani nyinginezo za ngozi. Nambari zote mbili huhusu mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni. Nambari hizi hutumika kuhesabu wagonjwa na kudai malipo ya matibabu.

Hata hivyo, nambari haielezi yote. C44.6 haisemi kama ni mkono wa kulia au wa kushoto, wala kama saratani yote iliondolewa. Daktari asipotaja mahali kabisa, karani wa rekodi hulazimika kuandika C44.9, yaani ngozi ya mahali pasipotajwa. Toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, lina nafasi ya kuongeza upande na mahali, lakini karani hawezi kuongeza jambo ambalo daktari hakuliandika.

Chukua mfano wa mkulima wa Imenti aliyeungua mkono utotoni, na sasa kovu limefanya kidonda. Makovu ya moto yaweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Vidonda vya makovu vya namna hii huitwa kwa jina la Jean-Nicolas Marjolin, daktari Mfaransa aliyevieleza 1828. Mkulima huyu akifanyiwa upasuaji mjini Meru kisha atumwe Nairobi, zaidi ya kilomita 200, na barua isemayo "saratani ya ngozi, mkono" pekee, huenda akaanza upya: kukatwa kipande kingine, gharama nyingine na majuma mengine ya kungoja. Saratani nayo haingoji.

Hivyo basi, kabla ya kuondoka omba nakala ya majibu ya maabara na barua ya daktari, na uhakikishe zinataja haya:

1. Mkono upi, na mahali hasa: begani, kiwikoni, kiganjani au chini ya ukucha.

2. Aina ya saratani. Ikiwa ni melanoma, kina chake kwa milimita, kwani hicho husaidia kuamua ukubwa wa upasuaji na kama tezi za kwapani zichunguzwe.

3. Kama kingo za nyama iliyoondolewa zilikuwa safi au bado zilikuwa na saratani.

4. Tarehe na nambari ya maabara, ili kipande kilichohifadhiwa kiweze kutafutwa na kutazamwa tena.

Watu wenye ualbino, ambao huweza kupata vidonda kadhaa kwa wakati mmoja, wahakikishe kila kidonda kimeandikwa peke yake.

Usione haya kuuliza. Daktari hatakasirika, na maandishi hayo ni haki yako. Yaweke pamoja na kitambulisho chako, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.