Deni la Mwalimu kwa Mwethya

Huku Ukambani, tangu Kitui hadi Makueni, tuna desturi ya mwethya: majirani hukusanyika wakachimba matuta na mabwawa, hata wakajenga shule. Darasa nililosomea lilijengwa hivyo. Oktoba 1997 chama cha walimu, KNUT, kilipogoma nchi nzima kikiongozwa na Katibu Mkuu Ambrose Adongo, darasa hilo lilibaki tupu. Nilidhani mama, aliyebeba mawe yake kichwani, angekasirika. Alisema tu, “Mwalimu mwenye njaa atafundisha nini?”

Hilo ni deni. Ukame unapokausha visima na mwanafunzi akasinzia kwa njaa, matawi ya chama hayana budi kudai maji na chakula cha shule kwa sauti ile ile iliyodai mshahara. Mkono mmoja haulei mwana.