Kinu cha Bibi Hakina Stempu

Chupa ya bia kwenye grosari yoyote ya Mwembesongo, Morogoro, ina maelezo yake. Tangu 2019 bia, pombe kali na sigara hubandikwa stempu za kielektroniki za TRA, na mwenye programu ya Hakiki Stempu akiiskani hujua mara moja kama mzigo ni halali. Duka la jirani nalo limebandika karatasi ya Lipa Namba yenye msimbo wa QR. Kinu kilichoko uani, kilichotwanga mahindi ya harusi na ya matanga, hakina hata alama ya chaki. Aliyeteremka nacho kutoka Matombo akishafariki, wajukuu wanabaki na gogo lenye shimo.

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mwaka 2010, huko Manchester, Uingereza, ulipewa kazi nyingine. Watu waliopeleka vitu vyao vilivyotumika kwenye duka la mitumba la shirika la hisani la Oxfam waliombwa wasimulie vilikotoka. Simulizi zikarekodiwa, vitu vikabandikwa lebo, na mnunuzi aliyeelekeza simu yake kwenye lebo alimsikia mwenye kitu wa zamani akieleza.

Mtu wa Morogoro ana haki ya kucheka kidogo hapa, maana nguo nyingi zinazokosa mnunuzi kwenye maduka ya aina hiyo hufungwa marobota na kuishia kwetu. Unanunua koti la mtumba, unatia mkono mfukoni, unakuta tiketi ya treni ya mji usioujua. Hiyo ndiyo simulizi yote utakayopata.

Sisi tumepoteza zaidi kwa vitu vilivyotoka kwetu kwenda kwao. Waluguru, kama Wazaramo na Wakwere, walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo na nywele zilizogawanywa mafungu mawili. Mwali aliyewekwa ndani alikitunza kama mtoto, akakipaka mafuta, na baadaye kikarithiwa na wengine. Vingi sasa viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Aghalabu vina namba, kabila na aina ya mti. Majina ya wasichana waliovilea mara nyingi hayapo, kwa kuwa aliyevichukua hakuuliza.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuuliza. Stika ya msimbo kwa vitu vyetu ni ya mwisho. Mweke bibi kwenye mkeka, washa kinasa sauti cha simu, mpe ungo au cherehani ashike mwenyewe, kisha unyamaze. Mkono ukishagusa kitu, mdomo hufuata.

Kuhusu kuhifadhi, tahadhari. Misimbo mingi ya bure hupeleka simu kwenye tovuti ya mtu mwingine. Tovuti ikifungwa, stika inabaki pambo. Maneno machache yanaweza kukaa ndani ya msimbo wenyewe, bila bando: kwa hesabu, unabeba hadi herufi 4,296, ingawa ukijazwa hivyo miraba inakuwa midogo mno kwa simu za kawaida. Mistari mitano inatosha: nani alikichonga, kilikuja lini, kilifanya nini. Sauti itunzwe kwenye simu mbili tatu za ndugu. Usibandike kwenye kinu chenyewe, kitaloa na kubanduka. Bandika upande wa ndani wa mfuniko wa sanduku la bati; hapo hapafiki maji wala masizi.

Liko jambo moja ambalo Manchester hawakuhitaji kuliwaza sana. Ukoo wa Kiluguru hufuata upande wa mama, na vingi kati ya vitu hivi ni mali ya ukoo, si ya kijana mwenye simu. Mjomba aulizwe. Na yale ya unyago aulizwe kungwi, kwa sababu msimbo humfungukia yeyote anayepita na kamera. Akisema hapana, sanduku lifungwe bila stika.