Ukuta wa udongo ukiota ukungu, msihamie kwanza

Kodi ya chumba inaisha mwezi huu, nyumba yenu imeshaezekwa bati na kuta zimekandikwa, lakini masika hayajakatika. Mnakwenda kuangalia, mnakuta ukuta wa chumba cha watoto una madoa, mengine meupe kama pamba, mengine ya kijani na meusi. Fundi anasema ni kawaida, hamieni tu, utakauka mkiwa ndani.

Ni kawaida kweli, hasa sehemu za milimani kama Lushoto au Rungwe. Udongo wa kukandika hukandwa kwa maji mengi, na wengi huchanganya nyasi au samadi ya ng'ombe ili ukuta usipasuke. Nyasi hizo ndizo chakula cha ukungu. Ukuta ukikauka upesi hauoti kitu. Ukikaa na unyevu bila upepo, unaota. Udongo hauna kosa, wala hakuna mkono wa mtu.

Ila kuhamia, hapana. Chembe za ukungu huruka na kuingia kifuani, na Shirika la Afya Duniani linahusisha nyumba zenye unyevu na ukungu na kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu. Mtoto mwenye pumu ndiye ataumia kwanza. Na atakayewashauri kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga milango ili ukuta ukauke, msimsikilize: mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, na imeua watu wakiwa usingizini. Afadhali mwenye nyumba aongezewe kodi ya mwezi mmoja.

Kinachokausha ukuta ni upepo. Fungueni madirisha na milango inayotazamana mchana kutwa, hata kukiwa na mawingu. Fungeni upande unaopigwa na mvua tu. Ukungu uliokwisha kuota, watoto wakiwa mbali, jifunge kitambaa puani, ulowanishe kidogo usitimke, kisha ukwangue kwa mwiko na kutupa nje. Kumwagia maji ya klorini ni kuuongezea ukuta maji.

Msikimbilie lipu ya saruji kuficha madoa. Saruji hufungia unyevu ndani, na baadaye lipu hubanduka vipande vipande. Subirini ukuta ukauke, halafu pakeni chokaa: huruhusu ukuta kupumua, na ukungu hauipendi. Angalieni isiingie machoni.

Mtajuaje umekauka? Rangi yake hupauka kote, si juu tu. Pigilieni kipande cha nailoni ukutani kwa misumari, kingo zikibana vizuri, mkiache usiku kucha. Asubuhi mkikuta matone upande unaogusa ukuta, bado.

Madoa yakirudi chini tu, karibu na sakafu, tatizo liko nje. Maji ya bati yanarukia ukuta au yanatuama kwenye msingi. Chimbeni mfereji, na kama bati ni fupi, mwambieni fundi alitokeze zaidi kabla hamjamlipa fedha yake ya mwisho.