Hazina Tunayoing'oa kwa Jembe la Palizi

Mvua za kwanza zinaponyesha, ardhi iliyokuwa kavu kama mgongo wa kobe huvaa kijani kabla mkulima hajatia mbegu yake udongoni. Majani hayo yanayotangulia mahindi na mtama ndiyo ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita magugu. Mfanyakazi wa mjini aendaye kijijini kwa likizo, au yule aliyejipatia ekari moja Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo ili apate pa kuishi uzeeni, huanza kazi kwa kuyang'oa yote na kuyachoma moto. Ifikapo jioni humtuma mtoto gengeni akanunue fungu la mchicha.

Laiti angalimwita bibi mmoja wa jirani akapita naye shambani kabla ya palizi, angalionyeshwa kitoweo cha wiki nzima. Mgagani wenye majani matano kama vidole vya mkono. Mnavu wenye maua madogo meupe. Mlenda wenye majani yanayoteleza yakipikwa. Mchunga mchungu, unaotoa utomvu mweupe unapovunjwa. Mchicha pori usiopandwa na mtu. Hata kishona nguo, ambao mbegu zake hung'ang'ania suruali ya mpita njia, machipukizi yake machanga huliwa katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Hayo si mambo ya kubahatisha. Mwaka 1979 mtaalamu Anne Fleuret alichapisha uchunguzi wake juu ya nafasi ya majani ya porini katika mlo wa watu wa Lushoto, na akaonyesha kwamba mboga hizo si chakula cha njaa tu, bali ni sehemu ya mlo wa kawaida wa Wasambaa. Miaka minne kabla yake, yaani mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio wajifunze lishe bora. Mengi ya mafunzo hayo yamesahaulika, lakini majani yenyewe hayajaacha kuota.

Faida iliyomo

Majani ya kijani iliyokolea yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mtoto mdogo aikosapo, macho yake huharibika, naye huweza hata kuwa kipofu. Tena surua na kuhara humshinda nguvu kwa urahisi. Majani hayo yana pia madini ya chuma na chokaa, ambayo mama mjamzito na mtoto anayekua huyahitaji sana. Kabichi nyeupe, tunayoinunua kwa bei na kuiona kuwa mboga ya heshima, haifui dafu mbele ya mgagani kwa vitamini A.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, walakini mapishi yao yana hekima. Vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na mboga hizo tangu zamani zimeungwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa tui la nazi. Jirani zetu wa magharibi ya Kenya huuchanganya mgagani na maziwa ili kupunguza uchungu wake. Jambo moja tu la kuangalia ni magadi. Hulainisha majani upesi na kuyahifadhi rangi, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Basi yakitiwa, yawe kidogo sana. Na majani yoshwe kabla ya kukatwa, yasichemshwe hadi yakapoteza umbo lake.

Kutoka porini hadi bustanini

Si lazima kila siku kuzunguka porini na kikapu. Wakati wa palizi, acha pembe moja ya shamba, hatua kumi kwa kumi, jembe lisifike. Mimea iliyo bora iachwe izae, na mbegu zake zikusanywe. Mgagani hutoa vitumba vyembamba; vikianza kuwa vya manjano vichumwe kabla havijapasuka, vikaushwe juu ya gunia na kupukuchuliwa. Tunda la mnavu lililoiva hukamuliwa ndani ya maji; mbegu huzama, huoshwa na kuanikwa kivulini. Mbegu ya mlenda ni ngumu na hukawia kuota. Tia kwenye kitambaa, ichovye katika maji yaliyochemka kwa muda wa sekunde kumi hivi, kisha ipoze na kuipanda.

Matuta yawe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Changanya samadi iliyooza vizuri. Mbegu ndogo kama hizi zisizikwe. Zifunikwe kwa udongo mwembamba tu na nyasi kavu, na nyasi ziondolewe mara miche inapochomoza. Baada ya wiki nne hadi sita uvunaji huanza. Usiung'oe mmea, chuma vichwa, nao utatoa matawi mapya. Maua ya mgagani yakikatwa mapema, majani huendelea kuchipua kwa muda mrefu zaidi.

Aliye na uwanja wa nyumba mjini naye ana nafasi yake. Matembele huota kwa kipande cha mmea chenye urefu wa sentimita 30, hata katika debe bovu lililotobolewa chini. Kuna pia mbegu zilizoboreshwa. Tangu mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikifanya kazi Arusha, na mchicha, mgagani na mnavu ni miongoni mwa mimea iliyoshughulikiwa hapo. Yale tunayoyachoma moto, wataalamu wanayakusanya na kuyatunza.

Wakati wa kiangazi

Mvua zikikatika, mboga za porini hunyauka, na hapo ndipo mlo wa familia nyingi hubakia ugali na chumvi. Wenyeji wa Dodoma wanajua dawa ya tatizo hilo. Majani ya mlenda huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa na kuhifadhiwa hadi kiangazi. Inafaa kuanika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huiharibu vitamini A iliyomo ndani ya majani. Chombo cha kuhifadhia kiwe kikavu, kifunikwe, na kikae mahali pa giza.

Tahadhari

Pori halina lebo, na asiyejua hana budi kuuliza. Miongoni mwa mchicha pori huota mnanaha, ambao una sumu kali kuanzia jani hadi mbegu. Hutambulikana kwa harufu yake mbaya na tunda lenye miiba. Matunda mabichi ya mnavu, yaani yangali kijani, yasiliwe kamwe. Kisamvu nacho kisichumwe na kutiwa sufuriani hivi hivi. Kitwangwe kwanza, kisha kichemshwe chungu kikiwa wazi ili sumu yake ipande na mvuke. Muhogo mchungu wenyewe, usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo, umewahi kuwapoozesha watu miguu. Ugonjwa huo, uitwao konzo, uliwapata watu wengi katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na wengine wilayani Tarime katika miaka hiyo hiyo ya 1980.

Hatari kubwa zaidi ni uyoga. Ule unaoota juu ya vichuguu ni kitoweo kitamu, na mashina yake hushuka hadi ndani ya makao ya mchwa. Walakini upo uyoga mweupe unaofanana na mwema, na huo huua. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Dalili za kutapika na kuhara huweza kukawia saa sita au zaidi baada ya mlo, wakati ini limekwisha kuanza kudhurika. Wapo wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba kitunguu kitabadilika rangi sufuriani kikikutana na sumu. Yote hayo ni uongo. Asiyefundishwa uyoga na mtu wa mahali pale pale asiuchume. Na aliyekwisha kuula kisha akaugua apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.

Angalia pia mahali unapochuma. Majani ya kando ya barabara kuu, ya bondeni penye maji machafu ya viwandani, au ya chini ya mikorosho iliyopuliziwa dawa hivi karibuni, yaachwe yalipo hata yakipendeza namna gani.

Nani atawafundisha watoto

Maarifa haya hayako katika vitabu vingi. Yamo vichwani mwa akina bibi na akina mama wa vijijini, na kila mwaka baadhi yao wanatutoka. Mtoto wa mjini leo anajua mchicha, kabichi na matembele. Akiulizwa jina la mboga ya nne hutazama chini. Pindi mwanamke wa mwisho ajuaye kuutenga uyoga mwema na mbaya atakapozikwa, kijiji chake hakitakuwa na njia ya kuyapata tena maarifa hayo ila kwa kuwazika wengine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likizo ijayo ufikapo nyumbani, usishike jembe siku ya kwanza. Chukua daftari, mwite mwanao, na mwombeni bibi au shangazi awatembeze shambani. Andikeni jina la kila jani kwa lugha ya kwenu na kwa Kiswahili, lachumwa lini, lapikwa vipi, na lafanana na lipi lenye sumu. Mkirudi mjini, rudini na mbegu za aina mbili au tatu zilizofungwa vizuri katika karatasi. Palizi inaweza kungoja siku moja.